Daftari la Watoro

Baridi ya Julai mkoani Njombe haina mchezo. Asubuhi ile, kwenye zahanati moja iliyo mbali na lami, akina mama walikuwa wamebanana kwenye benchi huku wamejitanda mablanketi mabegani. Kila aliyeingia alitoa "kamwene" kwa sauti ya chini, akaitikiwa na kusogezewa nafasi. Ilikuwa siku ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Wanaume niliowaona walikuwa wanne, nao walisimama nje ya uzio kana kwamba wanasubiri bodaboda, mpaka sista alipowaita ndani.

Nilikuwa nimesimuliwa habari za daftari moja linalotunzwa pale, nikataka kuliona. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: namba ya kliniki, tarehe ya kuja, simu, kitongoji, na safu ya mwisho yenye swali moja, "Amerudi?" Mwenye nalo ni mmoja wa WAVIU Washauri wa kituo hicho, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowasaidia wagonjwa wenzao, mama wa makamo aliyejua ana VVU alipokuwa na mimba ya kwanza. Kazi yake ni kuwatafuta watoro. Kwa lugha ya kliniki, mtoro ni mtu aliyepitisha tarehe yake ya kuchukua dawa bila kuonekana. Huanza kwa kumpigia. Simu isipopatikana, hupanda pikipiki. Na pale pikipiki isipofika, hutembea.

Kurasa za mwisho wa mwaka 2024 zimejaa alama za vema katika ile safu ya mwisho. Kurasa za Februari na Machi 2025 zina mapengo. Nilimwuliza kulikoni.

"Vocha iliisha, kaka," akanijibu. "Na nauli ikaisha. Kwanza tuliambiwa tukae nyumbani mpaka tutakapoitwa."

Wengi tunaijua sababu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na siku chache baadaye miradi ikaagizwa kusimamisha kazi. Baadaye ikatolewa ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha, dawa zikiwemo. Dawa zenyewe hazikutoweka kwenye rafu za zahanati ile, kwa kuwa sehemu kubwa ya ARV, dawa za kufubaza virusi, nchini hununuliwa kwa fedha za Global Fund na kusambazwa na Bohari ya Dawa, MSD. Waliotoweka ni watu: kijana mtunza takwimu, washauri, na dereva aliyepeleka sampuli za damu maabara kupimwa wingi wa virusi. Kopo la vidonge lilikuwepo, lakini hapakuwa na wa kumkumbusha mtu kwamba tarehe yake imefika.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja: kwa nini vocha ya mama huyu, anayefanya kazi katika kijiji cha Tanzania ndani ya zahanati ya serikali ya Tanzania, ilikuwa kwenye bajeti ya Washington na haikuwa kwenye bajeti ya halmashauri yake?

Jibu limo katika njia mbili ambazo fedha hushukia wilayani, na njia hizo hazikuwahi kukutana. Ya kwanza ni ya Hazina. Mishahara ya watumishi, ruzuku ya matumizi mengineyo, na Mfuko wa Pamoja wa Afya ulioanza mwaka 1999 baada ya wafadhili kadhaa kukubali kuweka fedha zao kapu moja na serikali. Mwanzoni ugawaji wa fedha hizi ulifuata mazoea: halmashauri yenye hospitali kubwa na watumishi wengi ndiyo iliyopata zaidi, na isiyo navyo ikabaki hivyohivyo. Ndipo mwaka 2004 ikaanza kutumika fomula. Idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 70. Asilimia 30 zilizobaki zikagawanywa sawa kwa mambo matatu: umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na umbali ambao magari ya afya hulazimika kutembea kuvifikia vituo.

Ilikuwa hatua kubwa. Wilaya ya pembezoni yenye barabara mbovu ilianza kupata haki yake bila mbunge wake kuwa na jamaa wizarani. Nimewahi kumsikia mganga mkuu wa wilaya mstaafu akiisimulia fomula ile kama mtu anavyosimulia mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na ninamwelewa. Halafu katika mwaka wa fedha 2017/18 ikaongezeka nyingine: fedha za mfuko zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya badala ya kukaa makao makuu ya halmashauri. Kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, ikaanza kukaa na kuamua kama wanunue glavu au waezeke paa la wodi.

Ila soma tena vigezo vile vinne. VVU havimo.

Havikuwekwa kwa sababu havikuonekana kuhitajika. ARV zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwaka huohuo wa 2004, na fedha zake zilipita njia ya pili. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alikuwa ametangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI katika nchi nyingine, na fedha zake ziliingia kupitia mashirika yaliyogawiwa mikoa: mkoa huu kwa fedha za USAID, ule kwa fedha za CDC, na kule Mbeya kwa fedha zilizotoka Idara ya Ulinzi ya Marekani. Kila shirika lilikuwa na mkataba wake, magari yake, fomu zake na shabaha zake za robo mwaka. Mashirika hayo yalifanya kazi kubwa, na wapo watu wazima wanaolima leo kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini mkurugenzi wa halmashauri alipofungua kitabu cha bajeti, sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa zikiwatunza wagonjwa wake haikuwemo. Diwani hakuweza kuihoji, na mkaguzi wa ndani wa halmashauri hakuwa na pa kuigusa. Ilipokatika, baraza la madiwani halikuwa na kifungu cha kuhamishia hata shilingi, kwa kuwa kifungu hakikuwahi kuwepo.

Na hapa ndipo Njombe inaponiuma. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini. Njombe ilikuwa asilimia 12.7. Kigoma ilikuwa 1.7. Sensa ya 2022 nayo ilihesabu Njombe watu karibu 890,000 na Kigoma karibu milioni 2.5. Sasa weka fomula ya kuhesabu vichwa juu ya mikoa hii miwili. Kigoma itapata mafungu zaidi ya mawili kwa kila fungu moja la Njombe, ilhali watu wazima wanaoishi na VVU ni wengi zaidi Njombe.

Sitaki mtu wa Kigoma anielewe vibaya. Kigoma ina watoto wanaokufa kwa malaria, ina wakimbizi, ina vijiji ambavyo mama mjamzito huvushwa kwa mtumbwi. Senti yake isiguswe. Ninachosema ni kwamba mzigo ambao fomula haikuupima ulikuwa umebebwa na mtu mwingine, na mtu huyo ameutua chini katikati ya safari.

Kubishana juu ya nani ahesabiwe hakujaanzia kwetu. Marekani hiyohiyo ililumbana miaka mingi juu ya ugawaji wa fedha za wagonjwa wake wa ndani. Mwaka 1990 Bunge lake lilipitisha sheria iliyopewa jina la Ryan White, kijana wa Indiana aliyeambukizwa kupitia dawa iliyotokana na damu, akazuiwa kuingia darasani, na kufariki Aprili mwaka huo akiwa na miaka 18. Sheria ilipeleka fedha moja kwa moja kwenye miji iliyoelemewa, kwa kuhesabu wagonjwa wote wa UKIMWI walioripotiwa tangu mwanzo. Wote, pamoja na waliokwisha kuzikwa. Mwaka 1996 ikaamuliwa wahesabiwe walio hai, lakini kukawekwa kinga ili mji usiporomoke ghafla. Matokeo yake ni kwamba miaka kumi baadaye wakaguzi wa Bunge walikuta San Francisco bado inapata mgawo ambao ndani yake marehemu walihesabiwa, huku majimbo ya kusini, ambako maambukizi yalikuwa yakipamba moto, yakilalamika kupunjwa. Sheria ya 2006 ndiyo iliyoleta hesabu ya watu wote walio hai wenye VVU, wakiwemo ambao hawajafikia hatua ya UKIMWI.

Siwalaumu watu wa San Francisco kwa kung'ang'ania. Mji uliozika vijana wengi kiasi kile una haki ya kuogopa kusahauliwa. Lakini katika sheria ile kuna jambo ningelileta Njombe kesho: baraza linalopanga matumizi ya fedha katika kila mji linatakiwa angalau theluthi moja ya wajumbe wake wawe watu wanaotumia huduma hizo. Halmashauri zetu zina Kamati ya Kudhibiti UKIMWI, na wawakilishi wa WAVIU wamo. Wamo wachache, wanakaa mwisho wa meza, na mara nyingi wanakuta ukomo wa bajeti umeshashuka kutoka juu na vifungu vimeshajazwa. Mjumbe mmoja wa Konga, mtandao wa WAVIU wa wilaya, aliniambia kwamba katika vikao vitatu mfululizo ameombwa kufungua kwa sala na hajaombwa maoni.

Serikali haikukaa kimya. Tuna Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI chini ya Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, uliowekwa kisheria mwaka 2015, na bajeti ya 2025/26 ilikuja na tozo mpya ambazo sehemu yake kubwa imekusudiwa mfuko huo. Ni jambo jema kwamba sasa Mtanzania anayejaza mafuta anachangia kidonge cha Mtanzania mwenzake. Lakini kukusanya ni nusu ya kazi. Fedha zikishaingia mfukoni, zitashukaje mpaka kwenye kaunta buku la yule mama?

Nionavyo, zishuke kwa njia ambayo tayari tunayo, ile ya akaunti ya kituo, na zihesabiwe kwa wateja wa CTC. Sidhani kama kuna ugonjwa unaoorodheshwa nchini kwa makini kuliko huu. Kila mteja ana namba, ana kadi, ana tarehe. Tena hesabu hii inaona kitu ambacho sensa haikioni. Sensa humhesabu mtu pale alipolala. Mgonjwa wa VVU mara nyingi huchukua dawa kwingine kabisa. Mwalimu huvuka wilaya ili asikutane na wazazi wa wanafunzi wake kwenye foleni. Kibarua wa mbao huhamia Mufindi na kadi yake mfukoni. Zahanati iliyo kwenye njia panda inaweza kuhudumia watu wengi ambao kijiji chake hakiwajui, na kwenye fomula ya vichwa watu hao ni kazi ya bure.

Najua hatari iliyopo. Nchi iliyowahi kulipa watumishi hewa inaweza kesho kulipa wagonjwa hewa. Ukisema kila jina lina fedha, majina yataongezeka. Kwa hiyo jina pekee lisitoshe. Fedha zifuate mteja ambaye damu yake imepimwa wingi wa virusi ndani ya mwaka, kwa sababu majibu ya maabara hayaandikwi na anayelipwa. Na kifungu kimoja kitajwe kwa maneno ya wazi katika mwongozo wa TAMISEMI: vocha, nauli na posho ya WAVIU Washauri. Kisipotajwa, kitakuwa cha kwanza kukatwa ukomo ukipungua, maana hakina risiti ya dukani wala jiwe la msingi la kuzinduliwa.

Watakaoamua haya wako karibu nasi. Mipango ya afya ya halmashauri huandaliwa kabla ya Machi, hupita kwa madiwani, na madiwani tunawajua majina na nyumba zao.

Kabla sijaondoka, yule mama alinifungulia ukurasa wa mwisho alioandika. Sasa anajitolea siku mbili kwa wiki. Siku nyingine analima viazi. Namba moja alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Ni kijana wa kazi za mbao, alisema, simu yake haipatikani tangu Machi, na mkewe ana mimba ya miezi mitano. Amesikia yuko Makambako. Nilimwuliza atampataje katika mji wenye watu wengi namna ile.

"Siku ya mnada," akasema, huku akifunika daftari kwa kipande cha kitenge. "Wapakiaji wote wa mbao hupita pale kunywa chai. Nikipata nauli, nitakwenda."