Tochi ya Zizini: Chagua Rezista Ifaayo

Ndugu mkulima, ng'ombe akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, tochi ikizimika waweza kupoteza ndama. Ukijitengenezea tochi kwa betri moja ya lithiamu na LED nyeupe ya wati 1, usiunganishe bila rezista. Betri iliyojaa ina volti 4.2, LED yataka kama 3.2. Hiyo volti 1 iliyozidi ndiyo huiunguza.

Ufikapo Eldoret mjini, taka rezista ya omu 3.3, yenye milia miwili ya rangi ya machungwa kisha wa dhahabu. Hupitisha ampea 0.3 hivi. Tazama wati pia: hupata joto la wati 0.3, basi ya robo wati itaungua. Nunua ya wati 1. LED nayo ifunge juu ya kipande cha alumini, ipoe.