Umri wa Titi la Silikoni

Katika mazungumzo ya wanawake waliotiwa vipandikizi vya matiti, iwe kwa kupenda kuongeza umbo au kwa kurejeshewa titi lililokatwa kwa sababu ya saratani, iko hesabu moja inayotajwa kwa yakini kubwa kuliko ushahidi wake: ya kwamba kipandikizi kikitimiza miaka 10 muhula wake umekwisha, na hakina budi kutolewa na kutiwa kingine, hata kama hakina ila na mwenyewe hana maumivu. Hesabu hiyo ni nyepesi kukumbukwa, na yamkini ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Walakini anayeitafuta asili yake haikuti katika tabia ya silikoni wala katika mwili wa binadamu, huikuta katika madaftari. Viwanda vilipotakiwa na serikali ya Marekani kuthibitisha usalama wa bidhaa zao, viliwafuatilia wanawake kwa muda wa miaka 10, na msaada wa fedha ambao viwanda hivyo humwahidi mwanamke aliyepasukiwa na kipandikizi aghalabu uliwekewa ukomo wa miaka 10 vile vile. Mpaka wa utafiti na mpaka wa dhamana, vilipopita katika vinywa vya watu, vikawa mpaka wa uhai wa kitu chenyewe.

Hata hivyo asije mtu akadhani kwamba kipandikizi ni cha maisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo imeisimamia kesi hii kwa muda mrefu kuliko idara nyingine nyingi, husema wazi kwamba vipandikizi vya matiti havihesabiwi kuwa vya kudumu umri mzima, na kwamba kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa matatizo unavyozidi. Katika taarifa yake ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba katika wanawake waliotiwa kwa ajili ya kuongeza umbo, hata mmoja katika kila 5 atahitaji kutolewa ndani ya miaka 10, na katika waliorejeshewa titi baada ya saratani, hata mmoja katika kila 2. Hesabu hizo huwashitua wasomaji, nami naona zinahitaji kusomwa taratibu, maana ndani yake wamechanganyika waliopasukiwa, waliokakamaa kifua, walioambukizwa kidonda, na hata wale ambao hawakuwa na ugonjwa wowote ila walichoshwa na ukubwa waliouchagua wenyewe ujanani. Tena zikigeuzwa upande wa pili, zasema kwamba katika waliotiwa kwa ajili ya umbo, walio wengi huuvuka mwaka wa 10 na vipandikizi vyao vile vile.

Kitu chenyewe ni sahili kuliko sifa zake. Ni ganda la mpira wa silikoni, jembamba na lenye kunyumbuka, lililojazwa ama jeli ya silikoni ama maji ya chumvi yaliyosafishwa. Wa kwanza kulitengeneza la jeli walikuwa Frank Gerow na Thomas Cronin, matabibu wa upasuaji wa Houston katika jimbo la Texas. Husimuliwa kwamba Gerow alipata fikra hiyo alipokuwa ameshika kifuko cha plastiki cha damu, zama zile hospitali zilipokuwa zikiacha chupa za kioo, akakibinya na kuhisi ulaini wake. Kampuni ya Dow Corning ikatoa silikoni, mbwa jike aitwaye Esmeralda akatangulia kujaribiwa, na mwaka 1962 mama mmoja mkazi wa Texas akawa binadamu wa kwanza kuvaa vipandikizi hivyo kifuani. Ganda la siku zile lilikuwa nene, lina mshono, na nyuma yake lilibandikwa vitambaa vya Dacron ili nyama ishikane navyo na titi lisihame mahali pake. Si masahihisho yote yaliyofuata yaliyokuwa ya heri: katika miaka ya 1970 viwanda, kwa kutafuta ulaini, vilipunguza unene wa ganda na kuifanya jeli kuwa nyepesi, na matokeo yake ni kwamba vipandikizi vya wakati ule vilipasuka kwa wingi kuliko vilivyotangulia na vilivyofuata. Baadaye ganda liliongezwa tabaka la kuzuia jeli isipenye, na jeli yenyewe ikafanywa nzito, yenye kushikamana hata ikikatwa kwa kisu isimwagike. Kwa hiyo anayeuliza kipandikizi hudumu miaka mingapi hana budi kuulizwa kwanza: cha mwaka gani?

Ganda hufa kwa njia kadha, na iliyo ya kwanza huanza siku ile ile ya kutiwa, pale sindano au ncha ya chombo cha tabibu inapoligusa katika kulipitisha kwenye tundu dogo la ngozi. Kovu hilo lisiloonekana hungoja miaka kabla ya kufunguka. Njia ya pili ni ya mkunjo. Kipandikizi kisichojaa sawasawa, au kilichobanwa na kovu linalokizunguka, hufanya kunyanzi, na kunyanzi hilo hujikunja na kujikunjua kwa kila pumzi na kila mwendo wa mkono, hata ganda likachakaa katika mstari mmoja, mfano wa mkeka unaokunjwa kila siku mahali pale pale mpaka ukindu ukakatika penye mkunjo ilhali sehemu nyingine zote ni nzima. Ya tatu ni nguvu ya nje, kama vile pigo la kifua katika ajali ya gari. Katika miaka ya nyuma matabibu wenyewe walikuwa na desturi ya kuliminya titi lililokakamaa kwa mikono yao miwili, kwa nguvu, ili kulivunja kovu la ndani, na pamoja na kovu wakalivunja ganda. Desturi hiyo imekwisha kukatazwa.

Hapa ndipo aina mbili za vipandikizi zinapoachana kabisa. Cha maji ya chumvi kikitoboka hakifichi siri: maji hunyonywa na mwili bila madhara, na baada ya siku chache titi moja limesinyaa mbele ya kioo, wala hapahitajiki mashine ya kuthibitisha. Hicho hutolewa au hubadilishwa mapema, maana nafasi iliyoachwa wazi huanza kujibana yenyewe, na kazi ya tabibu huongezeka. Cha jeli hakina tabia hiyo. Mwili, tangu wiki za mwanzo, huwa umekwisha kukizungushia utando wa kovu, kama ufanyavyo kwa kila kitu kigeni usichoweza kukitoa wala kukila, na ganda la silikoni likipasuka ndani ya utando huo, jeli hubaki mahali pake, umbo halibadiliki, na mwenyewe hulala na kuamka pasi na habari. Watafiti wa Denmark waliowapiga wanawake picha za MRI walikadiria kwamba katika vipandikizi vya kisasa visivyopungua asilimia 15 hupasuka kati ya mwaka wa tatu na wa 10 baada ya kutiwa, na wengi wa wenye navyo hawakuwa na dalili yoyote. Katika picha hizo ganda lililopasuka huonekana kama mistari myeusi iliyopindapinda ikielea ndani ya jeli nyeupe. Katika chumba cha upasuaji huonekana kwa namna nyingine, jeli imegeuka rangi ya manjano, inanata, yavutika nyuzi nyuzi kutoka kwenye glavu za tabibu, na kuisafisha yote huchukua muda mrefu kuliko kukitoa kipandikizi kizima.

Je, jeli iliyomwagika ni sumu? Suala hilo liliitikisa Marekani nzima. Mwaka 1992 serikali yake ilizuia vipandikizi vya jeli isipokuwa kwa waliohitaji kurejeshewa titi na kwa walioingizwa katika utafiti. Mwaka 1995 Dow Corning, kwa kuzidiwa na mashitaka, iliomba hifadhi ya sheria ya kufilisika. Na mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo lilitoa hukumu kwamba halikupata ushahidi wa silikoni kuleta maradhi ya mwili mzima, bali madhara yake hasa ni ya mahali ilipo, nayo ni kupasuka, kukakamaa, maumivu na kurudia upasuaji. Jeli iliyopenya nje ya kovu yaweza kufika tezi za kwapani na kufanya vinundu vinavyomtia mgonjwa hofu ya saratani. Mwaka 2006 zuio liliondolewa. Wako wanawake wasioridhika na hukumu ile, wanaolalamikia uchovu, maumivu ya viungo na usahaulifu, na wengine hueleza kupata nafuu baada ya kutolewa vipandikizi. Mamlaka ya Marekani sasa yataka wanaotaka kutiwa waelezwe habari za malalamiko hayo kabla ya kuweka saini.

Kwa kuwa kipandikizi cha jeli hakisemi, hakuna budi kukitazama. Ushauri wa zamani ulikuwa wa picha ya MRI baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, ushauri ambao gharama yake iliwafanya wengi wasiufuate. Mwaka 2020 uliregezwa, ikawa picha ya kwanza ni baada ya miaka 5 hadi 6, na zinazofuata ni kila baada ya miaka 2 au 3, tena ultrasaundi ikakubaliwa badala ya MRI kwa asiye na dalili. Badiliko hilo lina maana kubwa kwetu Afrika Mashariki, ambako mashine ya ultrasaundi hupatikana hata katika miji midogo na ya MRI aghalabu ni ya miji mikuu na ya wenye uwezo. Mamografia ni shauri jingine: hiyo ni ya kuitafuta saratani, nayo haiachwi kwa sababu ya kipandikizi, ila mpiga picha aambiwe mapema ili akisogeze kando na kuongeza picha za nyama ya titi yenyewe.

Kukakamaa kwa kovu hutangulia mara nyingi kuliko kupasuka. Utando uliozunguka kipandikizi hujikaza, titi likawa gumu, kisha likapanda juu, kisha likauma. Matabibu hulipima kwa madaraja manne ya Baker, na mawili ya mwisho ndiyo yanayopeleka mtu katika upasuaji. Waliotibiwa saratani kwa mionzi hupatwa zaidi, kwa maana nyama iliyopigwa mionzi hupoteza ulaini wake, na kwao tabibu mwema hutaja mapema njia ya kujenga titi kwa nyama ya tumbo au ya mgongo.

Ilikuwa ni katika kukimbia kukakamaa huko viwanda vilipoanza kulikwaruza ganda, na ganda la BIOCELL la kampuni ya Allergan lilipata mashimo yake kwa kubanwa chembe za chumvi ambazo baadaye huoshwa. Kumbe ganda la kukwaruza lina ubaya wake. Mwaka 2011 Wamarekani walitangaza kwamba huenda vipandikizi vya matiti vina uhusiano na saratani adimu ya seli za kinga, inayotokea katika kovu na maji yaliyo kando ya kipandikizi, na Julai 2019, baada ya kuhesabiwa wagonjwa 573 duniani na vifo 33, Allergan ilitakiwa kuyaondoa maganda hayo ya BIOCELL sokoni. Muhimu kwa mwenye nayo ni kwamba mamlaka haikumwamuru kuyatoa akiwa hana dalili, kwa kuwa hatari yake ni ndogo na upasuaji una hatari zake. Bali titi likivimba ghafula miaka mingi baada ya kutiwa, maji yavutwe na yapimwe bila kuchelewa, na saratani hiyo ikikutwa mapema, kukitoa kipandikizi pamoja na kovu lake lote aghalabu hutosha kuiponya.

Kwa hiyo sababu za kubadilisha zahesabika: ganda la jeli lililopasuka, ambalo hutolewa kwa utaratibu na bila haraka ya dharura, titi lililokakamaa hata likauma, kipandikizi kilichohama, uvimbe wa maji, maambukizo yasiyoshindwa na dawa, au matakwa ya mwenyewe. Umri peke yake haumo katika orodha hiyo, ijapokuwa tabibu anayelipwa kwa kila upasuaji aweza kuutia. Na kubadilisha si lazima kuwe kutia kingine. Wako wanaochagua kutoa tu, wakikubali ngozi iliyolegea au kuomba ivutwe juu siku ile ile, na kwa mama wa miaka 70 ambaye picha zake hazina ila, kuviacha ni uamuzi wa haki.

Jambo moja hupuuzwa hata na wanaoyajua hayo yote, nalo ni kadi. Kila kipandikizi hutoka kiwandani na namba yake, na mgonjwa hupewa kadi yenye jina la kiwanda, namba hiyo, ujazo, na kama ganda ni laini au la kukwaruza. Machi 2010 wakaguzi wa Ufaransa walipogundua kwamba kampuni ya PIP, ya La Seyne-sur-Mer, ilikuwa ikijaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa, na mwaka uliofuata serikali ikawashauri wanawake wapatao 30,000 wa nchi ile wavitoe, bidhaa hiyo ilikuwa imekwisha kuenea katika nchi nyingi, na wengi waliotiwa hawakujua kilichomo vifuani mwao ni cha nani. Uingereza ilifungua daftari la taifa la vipandikizi mwaka 2016. Mwanamke aliyefanyiwa kazi hii India, Uturuki au Dubai kisha akarejea Mombasa au Dar es Salaam asidhani jina lake limo katika daftari la mtu yeyote. Kadi ikiwa imepotea, na aandike kwa hospitali ile kuomba nakala ya taarifa ya upasuaji maadamu jalada lingalipo, kwa kuwa ultrasaundi itamwonyesha kama ganda ni zima, lakini aghalabu haitamwambia limetoka kiwanda gani.