Jokofu la Chanjo Katika Nyanda za Baridi

Tangu Tanzania ianzishe mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, jokofu limekuwa chombo cha lazima katika zahanati. Chanjo nyingi hapana budi zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Watu wengi huhofia joto tu. Hata hivyo, katika nyanda za juu kama zile za Karatu na Ngorongoro, adui mwingine ni baridi yenyewe.

Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro unazidi mita 2,200. Kwa wastani, halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa tofauti ya mita 700, mwanafunzi atapata upungufu wa nyuzi 4.5 hivi. Baridi hiyo huathiri pia yanayotendeka ndani ya jokofu.

Pampu ya Joto

Jokofu halitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Kama vile pampu inavyopandisha maji kutoka kisimani, ndivyo kompresa inavyolitoa joto mahali penye baridi na kulipeleka penye joto zaidi. Kompresa hushindilia gesi hadi ikapata moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya nyuma, ikapoteza joto lake na kuwa kimiminika. Kisha kimiminika hupenya katika mrija mwembamba, kanieneo hushuka, nacho hugeuka mvuke ndani ya bamba la barafu, kikifyonza joto la vitu vilivyomo. Katika nchi za baridi, mashine ya namna hiyohiyo huchota joto kutoka hewa ya nje na kupasha nyumba.

Mlinzi wa pampu hii ni kirekebijoto, ambacho mafundi hukiita themostati. Katika majokofu mengi ya kawaida, mrija wake wenye gesi hugusa bamba la barafu. Bamba likipoa vya kutosha, gesi hiyo husinyaa na swichi hukata umeme. Likipata joto, swichi huuwasha tena.

Chanzo cha Hitilafu

Kwa hiyo kirekebijoto cha namna hiyo hulinda bamba, wala si rafu zenye dawa. Halijoto ya rafu hutegemea pia joto linalopenya kutoka nje. Mchana wa jua, joto jingi hupenya, na kipimajoto chaweza kusoma nyuzi 9. Mhudumu huzungusha kitufe kutoka 3 hadi 5. Usiku chumba hupoa, joto linalopenya huwa dogo, nazo rafu hukaribia halijoto ya bamba, ambayo ni chini ya sifuri. Alfajiri chanjo huwa zimeganda, ingawa mashine haina ubovu wowote. Tarakimu za kitufe si nyuzi za joto. Huonyesha tu nguvu ya kupoza.

Chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda, na kuziyeyusha hakurudishi nguvu yake. Hatari kubwa ni kwamba kichupa kilichoharibika chaweza kuonekana kizima. Mtoto hudungwa sindano, kadi hujazwa, na mama hurudi nyumbani akiamini kuwa mwanawe amekingwa, kumbe sivyo.

Utaratibu wa Kuchunguza

Kabla ya kugusa kitufe, huchunguzwa kwanza mambo yaliyo wazi: mpira wa mlango kama unabana, barafu kama imekuwa nene juu ya bamba, mabomba ya nyuma kama yana vumbi au yamesongwa na ukuta, na jua kama hupiga jokofu. Kitufe hurekebishwa saa za alfajiri, wakati wa baridi kali, wala hakipandishwi kwa sababu ya joto dogo la mchana au baada ya umeme kukatika. Kipimajoto husomwa asubuhi na jioni, na vipimo huandikwa kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri majokofu yaliyoundwa mahsusi kwa chanjo, lakini hayo nayo yahitaji kusomwa.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa jokofu lolote la kawaida. Kipimajoto kiwekwe ndani ya bilauri ya maji juu ya rafu, kisomwe alfajiri na alasiri kwa wiki moja bila kugusa kitufe, na vipimo vichorwe kwenye grafu pamoja na halijoto ya chumba. Mistari hiyo miwili itaonyesha ni kwa kiasi gani rafu hufuata hali ya hewa ya nje, na kwa nini kipimajoto ndicho cha kuaminiwa kuliko kitufe.