Kusaka kopo kwa simu: mchezo wa familia usiomaliza bando

Watoto wameganda kwenye simu wikiendi nzima? Waambie watoke nayo nje.

Kuna mchezo unaitwa jiokashingi. Mmoja anaficha kopo, anatoa namba za mahali lilipo, wengine wanalisaka kwa GPS ya simu. Ulianza Mei 3, 2000 huko Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Dave Ulmer alificha ndoo porini, akaweka namba zake kwenye intaneti.

Kwa familia ya Ngara au Biharamulo gharama yake ni ndogo mno. GPS yenyewe haili bando, maana simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure. Bando unalihitaji mara moja, kupakua ramani ya wilaya yako kwenye Google Maps.

Ukifika pa kuficha, bonyeza hapo kwenye ramani bila kuachia hadi alama nyekundu itokee. Utaona namba mbili. Kwa Ngara mjini ni kama -2.47 na 30.65. Hiyo alama ya kutoa usiiruke, vinginevyo ramani itawapeleka Kongo, kaskazini mwa ikweta! Andika desimali tano, kwani ya nne peke yake ni kama mita 11. Chini ya migomba iliyosongamana simu hukosea zaidi, hivyo wasakaji watazame pande zote.

Ndani weka daftari dogo la kusaini, penseli na kizawadi. Pipi hapana, sisimizi watafika kwanza.

Sasa lililo zito. Novemba 2017, wanafunzi watano wa Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, walifariki baada ya bomu la mkono lililookotwa kulipuka shuleni. Kwa hiyo huku kwetu kopo liwe la plastiki inayoonyesha ndani, lenye jina la familia, na watoto walione kabla halijafichwa. Chuma wasichokijua wasikiguse, wasikigonge, wasikibebe. Warudi nyuma, wamwite mtu mzima, na polisi waambiwe.

Usifukie kopo, na shamba la mtu omba ruhusa kwanza. Daraja la Rusumo liache, pale ni mpakani. Hifadhi ya Burigi-Chato nayo iache. Kilima cha jirani kinatosha kabisa.