Ndovu Hawaishi Kisiwani

Wajukuu zangu, msidhani Kilwa ni habari ya watu wa pwani peke yao. Enzi za misafara, pembe za ndovu zilitoka huku bara kwa miguu hadi Kilwa Kivinje, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1905 maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, yalitoka upande huo huo wa Umatumbi yakafika kwetu Ungoni, na mwaka uliofuata Wajerumani wakamnyonga mkuu wetu, Nduna Songea Mbano, hapa hapa mjini Songea.

Lakini leo nawasimulia Kilwa iliyo kongwe zaidi, Kilwa Kisiwani. Kutoka Songea unapita Namtumbo, Tunduru na Masasi, unafika Lindi, kisha Nangurukuru na Kilwa Masoko. Sweta langu la asubuhi ya Songea lilishakuwa mzigo tangu Masasi. Kutoka Masoko unavuka kwa mashua, na kitu cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji.

Kilichonishika hasa ni Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11. Sisi tumezoea tofali za kuchoma. Kule wajenzi walichonga matumbawe, mawe ya baharini, wakayaunganisha kwa chokaa. Niliweka kiganja ukutani nikasikia vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki lililokauka. Juu yangu kulikuwa na makuba, mengine mazima, mengine yamebomoka hadi unaliona anga.

Mwaka 1331 alifika hapo msafiri wa Moroko, Ibn Battuta. Zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa amerudi kwao, alisimulia safari zake zikaandikwa. Aliisifu Kilwa kuwa mji mzuri mno, uliojengwa kwa ustadi, na nyumba zake ni za miti. Za miti? Na mimi nilikuwa nashika mawe! Nadhani nyumba za watu wa kawaida ndizo zilizokuwa za miti, zikaoza, tukabakiwa na za wakubwa.

Mkubwa wa wakati huo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye jumba la Husuni Kubwa, lile lenye birika la kuogea la pembe nane. Alisifika kwa ukarimu. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fukara watumwa 10 (ndiyo, watu walitolewa kama zawadi, nami siwafichi). Sultani akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sasa jiulizeni: ndovu anaishi kisiwani? Pembe zile zilitoka bara. Sisi Wangoni tulikuwa hatujafika huku, tulikuja karne ya 19 kutoka kusini, lakini wawindaji walikuwepo, na wabebaji pia.

Sultani al-Hasan alipokufa, akatawala ndugu yake Daudi. Kila mwombaji alipomjia Daudi, jibu lake lilikuwa kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi ndipo wapewe kidogo, mpaka watu wakaacha kabisa kwenda mlangoni pake.