Rangi ya Motokari Mpya

Motokari mpya! Ni nani asiyeisogelea na kuigusa kwa ncha ya kidole, kana kwamba ni yai? Ile ya baba mdogo ilipoingia uani hapa Lubumbashi, watoto wa mtaa mzima walijipanga ukutani kuitazama, na mama mdogo akawakataza kuku wasipite karibu.

Baba mdogo alifanya kazi ya mgodi miaka 31. Aliweka fedha yake kidogo kidogo, kisha akauza kiwanja alichokuwa nacho, akanunua pikapu nyeupe yenye viti vya safu mbili, apate kwenda shambani na kuwachukua jamaa siku za arusi na za matanga. Motokari iliyotumika hakuitaka. “Maisha yangu yote nimepanda kuukuu za wengine,” alisema. “Hii ya mwisho nataka niwe mimi wa kwanza.”

Aliipokea dukani jioni, saa kumi na mbili na nusu, mvua ikinyesha. Karani alimpa karatasi ya kupokelea, naye akatia sahihi juu ya boneti iliyolowa, pasipo kutazama kitu ila magurudumu na viti. Msomaji aikumbuke sahihi hiyo.

Kesho yake jua likawaka, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

“Mwanangu, njoo uone! Wameniuzia motokari yenye kutu!”

Ni kweli. Juu ya boneti na paa vilienea vidoa vya rangi ya kahawia, vidogo kama ncha ya sindano. Katika mlango wa mbele palikuwa na tone la rangi lililoteremka likakauka kama chozi. Karibu na taa niliona punje ya vumbi iliyofunikwa na rangi. Na tulipoinama kuutazama ubavu wakati jua linauangaza kutoka upande, tuliona kwamba rangi haikulala laini kama kioo, ila ilikuwa na vibonde vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuamua: motokari ipelekwe kwa fundi wa mtaani, ipakwe upya yote, na duka lilipe. Kwa shida nilimwomba angoje kwanza tumwite rafiki yangu mmoja, ambaye amepuliza rangi motokari za watu kwa zaidi ya miaka 20.

Tukiwa tunamngoja, tueleze kidogo jinsi motokari inavyopata rangi yake, maana bila kujua hilo mtu hawezi kusema lipi ni kosa kubwa na lipi ni dogo. Zamani mafundi walipaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi ya motokari moja iliweza kuchukua majuma kadhaa kwa sababu ya kungoja ikauke. Ndiyo maana huko Marekani Henry Ford, tangu mwaka 1914 mpaka 1925, aliuza Model T yake kwa rangi nyeusi tu: ilifaa kwa kazi ya haraka na ya bei nafuu. Mwaka 1923 ikatokea rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyopulizwa na kukauka kwa saa badala ya siku nyingi, na tangu hapo barabara za ulimwengu zikaanza kupata rangi za kila namna.

Siku hizi bodi tupu, kabla ya kuwekewa kiti wala waya wala tairi, huoshwa mara nyingi na kutiwa dawa ya fosfati ili rangi ishike. Kisha huzamishwa nzima katika birika kubwa lililojaa rangi iliyochanganywa na maji. Umeme hupitishwa, nao huivuta rangi ikaingia katika kila pembe na kila mfereji, hata mahali ambapo brashi isingefika kamwe. Bodi ikitoka huko huingizwa katika tanuri ya moto wa digrii kama 170 au 180. Tabaka hilo la kwanza ndilo ngao ya motokari juu ya kutu. Juu yake huja rangi ya kati, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mara nyingi vanishi ng’avu juu kabisa, nazo pia huokwa, kama digrii 140. Yote pamoja, unene wake ni mikroni 100 hadi 140 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Basi rangi yote ile, tabaka nne, ni karibu nywele mbili zilizolala moja juu ya nyingine.

Adui mkubwa wa kazi hiyo ni vumbi. Wafanyakazi huvaa mavazi yasiyotoa nyuzi, na hewa huchujwa. Viwanda vingi vimetumia hata manyoya ya mbuni kupangusia bodi kabla ya kupuliza, kwa kuwa manyoya hayo huvuta vumbi vizuri kuliko kitambaa. Mnyama wetu wa Afrika anafanya kazi katika viwanda vya Ulaya, na sisi hatukuwa na habari! Mafuta pia ni adui: chembe ndogo sana ya silikoni, kama ile iliyomo katika mafuta fulani ya nywele au ya mikono, ikianguka juu ya bodi, rangi hukimbia mahali pale na kuacha shimo la mviringo, ambalo mafundi huliita jicho la samaki. Kwa hiyo hata kiwanda chenye mitambo ya ajabu hakikosi punje hapa na chozi pale. Wakaguzi huziondoa nyingi kwa msasa na kuzing’arisha, lakini nyingine huwapita.

Rafiki yangu alifika saa nne. Hakusema neno. Aliiosha motokari, akaikausha, akasugua kipande kidogo kwa kitambaa cheusi chenye dawa ya kung’arisha. Kitambaa kikawa na weupe. “Hii haina vanishi,” akasema. “Nyeupe za kawaida mara nyingine ziko hivi.” Kisha akatoa donge la udongo laini wa mafundi, akalowesha boneti kwa maji ya sabuni, akapitisha donge lile polepole. Vidoa vya kahawia vikatoka! Baba mdogo alibaki kinywa wazi. Hiyo haikuwa kutu ya motokari hata kidogo. Ilikuwa unga wa chuma, unaotoka kwenye reli, breki na mashine za bandarini. Huanguka juu ya rangi, hujichoma ndani kidogo, kisha unga wenyewe unashika kutu. Juu ya nyeupe huonekana sana. Juu ya rangi ya giza mtu asingeujua.

Chozi la mlangoni alilikata kwa msasa mwembamba sana wa namba 2000 pamoja na maji, akaling’arisha. Alieleza kwamba chozi linavumilia msasa kwa sababu hapo rangi imezidi unene. Lakini mahali pa kawaida ukisugua ovyo utafika tabaka la chini kabla hujajua. Ganda la chungwa alikataa kuligusa. “Kila motokari inalo kidogo,” alisema. “Ukitaka uso wa kioo utaila rangi yenyewe, na jua la Katanga litamaliza iliyobaki.”

“Basi si afadhali kuipaka upya yote?” baba mdogo akauliza.

“Baba, usithubutu.” Na hapo akaeleza jambo ambalo wenye motokari wengi hawalijui. Tanuri ya kiwanda huoka bodi tupu. Garaji, hata ile yenye chumba kizuri cha rangi, haiwezi kupita digrii 60 hivi, maana ndani mna plastiki, waya, mpira na mafuta. Kwa hiyo hutumia rangi nyingine, inayokazwa na dawa. Ikifanywa na fundi hodari hupendeza na kudumu, lakini si ile ya kwanza, na mara nyingi mtaani hupulizwa chini ya mwembe. Kuondoa ya kiwandani kwa ajili ya punje tatu ni kubomoa ukuta kwa sababu ya msumari.

Si kwamba viwanda havikosei makosa makubwa. Huko Australia, mwaka 2022, kampuni ya Toyota ilikubali kutengeneza bila malipo motokari fulani nyeupe, miongoni mwake Corolla, RAV4 na HiAce, kwa sababu jua la muda mrefu lilidhoofisha mshikamano wa rangi ya kati na lile tabaka la umeme, na rangi ikabanduka kwa vipande. Kosa la namna hiyo halionekani siku ya kununua. Linakuja baada ya miaka, na mwenye motokari hana la kulaumiwa. Motokari ya baba mdogo haikuwa na ugonjwa huo. Ulikuwa mwingine.

Maana kazi ilipokwisha na chai kuletwa, fundi alitoa mfukoni kipimo kidogo cha unene wa rangi, akakiweka juu ya boneti: 112. Paa: 108. Mlango wa mbele: 118. Baba mdogo alianza kufurahi akizisoma namba kwa sauti kama mtoto wa shule. Mlango wa nyuma wa kushoto: 290. Akanyamaza. Ubavu wa nyuma, juu ya gurudumu: 340, kisha 900. Fundi alifungua mlango, akapitisha kidole juu ya mpira wake, akatuonyesha ukungu mweupe wa rangi iliyopulizwa pale bila kufunikwa. Kichwa cha boliti ya bawaba kilikuwa kimekwaruzwa na ufunguo.

“Hapa pana masitiki,” akasema taratibu. “Motokari hii iligongwa, ikatengenezwa, ndipo ikauzwa.”

Njia ya motokari mpaka kwetu ni ndefu. Nyingi hushuka melini Dar es Salaam, zikapita Tunduma, zikavuka Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Mahali pa kugongwa ni pengi, na kugongwa si dhambi ya mwuzaji. Kuficha ndiko kulikomwuma baba mdogo. Hakula mchana ule. Jioni aliniambia, “Nilitaka kuwa wa kwanza. Kumbe fundi wa masitiki amenitangulia.”

Tulikwenda dukani asubuhi iliyofuata, watu watatu na kipimo. Karani alileta ile karatasi. Sahihi ya baba mdogo ilikuwa hapo, na wino umetawanyika kidogo kwa mvua. “Mzee, ulitazama, ukakubali.”

Hapa sheria inafaa kujulikana. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika katika Kongo, inasema kwamba mwuzaji hawajibiki kwa vilema vilivyo wazi, ambavyo mnunuzi aliweza kujionea mwenyewe. Lakini anawajibika kwa vilema vilivyofichika, vinavyopunguza kufaa kwa kitu kiasi kwamba mnunuzi asingekinunua au angetoa bei ndogo zaidi kama angevijua. Hapo mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa fedha yake, au kukaa nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ila asikawie kudai. Kwa hiyo chozi na punje tuliziacha: hizo baba mdogo alizisamehe kwa sahihi yake, hata kama hakujua. Angalipokea motokari mchana, ikiwa imeoshwa, na kuandika juu ya karatasi ileile makosa aliyoyaona kabla ya kutia sahihi, duka lingaliyasafisha siku hiyohiyo. Lakini masitiki chini ya rangi, ni jicho gani lingeyaona?

Mkubwa wa duka alikuja. Mwanzo alisema kwamba rangi ya kiwandani hutofautiana unene. Fundi hakubishana. Alitoka uani, akakiweka kipimo juu ya pikapu nyingine mbili mpya za namna ileile, mlango wa nyuma na ubavu: 115, 109, 121, 117. Mkubwa alizitazama namba, akamtazama karani, akatukaribisha ndani na kufunga mlango.

Alitaka kwanza kuupaka tena mlango ule. Tulikataa, rangi ya tatu juu ya masitiki haiponyi kitu. Akasema baba mdogo airudishe motokari na kungoja nyingine, miezi minne au mitano. Lilikuwa jambo la haki, nami nilimshauri akubali. Lakini binti yake alikuwa aolewe mwezi uliofuata, na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuiona ile motokari. Aliomba siku mbili za kufikiri. Mwishowe alichagua kukaa nayo: akarudishiwa sehemu ya bei, akapewa barua yenye muhuri inayokiri kwamba mlango na ubavu vilitengenezwa kabla ya kuuzwa, na kwamba kutu ikitokea hapo katika miaka 5 duka litaitengeneza kwa gharama yake. Barua hiyo aliiweka pamoja na vyeti vya ardhi. Atakayeinunua motokari siku moja, alisema, ataonyeshwa.

Fundi alimwachia maagizo mawili tu. Upande wa kulia na boneti aweza kupaka nta leo hii, kwa kuwa rangi ya tanuri imekwisha kuiva. Mlango uliopulizwa angoje mwezi mzima. Na mavi ya ndege ayaoshe siku ileile, yasilale juani.

Harusi ilipita vizuri, na pikapu ilimchukua bibi arusi ikiwa na maua mbele. Hata leo baba mdogo akifika nyumbani huiegesha ubavu wa kushoto ukielekea ukutani.