Architects na albamu iliyozaliwa msibani

Architects ni bendi ya Brighton, Uingereza. Wanapiga metalcore, yaani roki nzito iliyochanganywa na panki: magitaa mazito, ngoma za kasi, na mwimbaji anayepiga ukelele kuliko kuimba.

Agosti 2016 walimpoteza Tom Searle, mpiga gitaa na mtunzi wao mkuu. Saratani ya ngozi ilimchukua akiwa na miaka 28 tu. Mpiga ngoma wa bendi, Dan, ni pacha wake.

Mtunzi akiondoka, bendi nyingi huishia hapo. Hawa jamaa waliuchukua wimbo ambao Tom aliuacha haujakamilika, wakaumalizia na kuutoa 2017 kwa jina la Doomsday. Josh Middleton wa bendi ya Sylosis akashika gitaa, na Dan akabeba kazi ya kuandika mashairi, mzigo uliokuwa wa ndugu yake.

Novemba 2018 ikatoka albamu nzima, Holy Hell, Doomsday ikiwa ndani. Kwa hiyo ukimsikia Sam Carter anapaza sauti humo, usidhani ni hasira tu. Ni kilio cha Dan kwa pacha wake, kinatokea kooni mwa rafiki.